Ramani ya Mikoko na Panga la Mjomba

Ukasha, baba yake Mwanaamina, alipasuliwa na kiboko kwenye mkono mmoja wa mto Rufiji, binti akiwa bado ananyonya. Aliyemlea ni mjomba wake, Hashimu, mkata mikoko wa Nyamisati, mtu wa mabega mapana na hasira za mkizi. Boriti za Hashimu ndizo zilizomvisha Mwanaamina sare ya shule, ndizo zilizompeleka chuo Dar es Salaam kujifunza kutengeneza tovuti na katuni za kompyuta. Na mjomba hakumwacha mtu asahau jambo hilo.

Mwanaamina aliporudi alipanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Hemant, Kibiti mjini. Alikuwa fundi mkaidi. Hakumpa mteja kazi kabla hajaijaribu kwenye simu chakavu yenye kioo kilichopasuka, tena mtandao ukiwa unasuasua. Picha ikichelewa kufunguka, aliipunguza uzito. Katuni ikiruka-ruka bila sababu, aliifuta.

"Kinachotikisika kiwe na la kusema," alimwambia Hemant. "La sivyo kinamla mtu bando bure."

Kamati ya mazingira ya vijiji vya delta ikamwomba awatengenezee ramani. Ukiburuta kitufe kilichokuwa chini yake, miaka ilisogea, na mikoko ikaanguka mbele ya macho yako, mti baada ya mti, huku maji ya chumvi yakipanda kwenye mashamba ya mpunga. Ukigusa mahali, uliweza kuweka picha ya ulichokiona huko. Watu waliipokea kwa shangwe. Kisha mtu, hakuna aliyejua nani, akaweka picha ya boriti zilizorundikwa mdomoni mwa kijito. Maafisa wa maliasili wakafika, wakaikuta mashua ya Hashimu imesheheni boriti zisizo na kibali. Walichukua mashua na mzigo wake. Mwenyewe aliruka majini akaokoka, miguu ikichanwachanwa na magamba ya chaza kwenye mizizi.

Ijumaa iliyofuata, watu wakitoka msikitini, Hashimu alisimama mlangoni kwa Mwanaamina. Mkono mmoja alikuwa ameuficha mgongoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Nani alipiga picha ile?"

"Sijui, mjomba. Yeyote anaweza kuweka picha. Mimi nimejenga tu."

"Umejenga! Umetoboa ukuta wa nyumba yangu, majirani wakachungulia, halafu unasema wewe hukuchungulia. Ifute."

"Siyo yangu. Ni ya vijiji."

"Boriti zimekusomesha, leo unazitia pingu!"

Panga likatoka mgongoni. Pigo la kwanza lilipasua kioo cha kompyuta. Mwanaamina, kwa wazimu wa fundi, akanyoosha mkono kuivuta, na pigo la pili likashukia vidole vyake vya kulia juu ya kibodi. Hakusikia maumivu kwanza. Aliona tu cha shahada na cha kati vimelala upande, vimeshikwa na ngozi, na damu ikiingia kati ya herufi.

Hemant alikuja mbio na kipande cha bomba la chuma. Hashimu aligeuka akamchana begani, bomba likaanguka. Mwanaamina aliliokota kwa mkono wa kushoto akampiga mjomba wake usoni. Taya lililia kama ukuni mkavu. Akampiga tena, mjomba akiwa amekwisha piga magoti. Aliinua bomba mara ya tatu, Hemant akamkumbatia kwa nyuma.

"Basi, binti! Utaua!"

Nje, umati ulikwisha sikia kelele. Wakamburuta Hashimu hadi barabarani, mawe yakaanza, mmoja akaitisha petroli. Mwanaamina akajitupa katikati huku damu ikimchuruzika, akipiga yowe: "Ni mjomba wangu! Mwacheni!" Jiwe moja likampata ubavuni, likamchana. Polisi walipofika waliwapakia wote watatu gari moja.

Hospitalini, vidole havikuokolewa. Bi Mashavu, mama yake, alikuwa akimbebea uji hadi wodi ya wanawake, kisha anavuka ua kumpelekea kaka yake, ambaye alinywa kwa mrija.

"Mwanangu, waambie polisi ulijikata."

"Kwa panga, mama? Juu ya kibodi?"

"Sina kaka mwingine."

"Na mwana mwingine unaye?"

Bi Mashavu akafunika chupa ya uji, akatoka.

Mwanaamina aliporudi Kibiti aliazima kompyuta. Kazi yote ilikuwapo, maana nakala alikuwa akizipandisha kwenye seva ya mbali. Aliifungua ramani kwa mkono wa kushoto, usiozoea kazi hiyo. Kubonyeza kipanya na kuburuta kwa pamoja, akashindwa. Akajaribu kibodi peke yake: hakuna kilichosogea. Ramani aliyojisifia ilikuwa imemfungia nje kila mtu asiye na mikono mizima. Aliipiga meza kwa kiganja mpaka mishono ya ubavuni ikavuja.

Kisha akaanza upya, herufi moja moja. Sasa miaka ilisogea kwa vitufe vya mshale. Mstari mnene ulionyesha mahali ulipofika. Chini ya kila picha kulikuwa na maneno, yasomwe kwa sauti kwa asiyeona. Aliweka na kitufe cha kusimamisha katuni, kwa sababu yeye mwenyewe, mikoko ilipoanguka, alitapika.

Mahakamani alisema yote, lake na la mjomba. Hashimu, taya limepinda, hakumtazama hata mara moja. Alifungwa. Nje, mkewe Safina alimtemea Mwanaamina mate kifuani, na Bi Mashavu, aliyekuwa amesimama baina yao, akaondoka na Safina kwenda Nyamisati.

Hemant alitaka kumwekea nondo mlangoni. "Ukikataa, nitaweka kwa nguvu," alisema.

"Weka," alisema Mwanaamina. "Lakini wateja wapite."

Vitisho bado vinaingia kwenye simu yake, sauti za watu asiowajua, na picha nazo zinaendelea kuingia kwenye ramani. Ameigeuza meza. Siku hizi anaandika akiutazama mlango.