Mkalimani na Amri ya Mbwa

Tarehe 9 Novemba 1911, jua kali na upepo wa vumbi. Mkalimani wa boma alikuwa na desturi ya kufuta kibao chake kwa kiwiko, kukipuliza, kisha kukikagua tena. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata ikakubidi umsogelee. Siku hiyo Matonya wa Ipagala alisimama barazani na mbwa wake anayelinda mbuzi wasiliwe na fisi, kwa kuwa Bwana Shauri, Mdachi mkuu wa boma, aliamuru mbwa wote wamalizwe baada ya mmoja kumng'ata askari.

“Huyu hajamng'ata mtu ila mimi,” Matonya alisema, “na nilistahili.”

Mkalimani hakucheka, akamgeukia Mdachi aliyekuwa mezani. “Niandike neno gani kwenye amri yako, bwana? Kuteketeza kunataka moto, na kuni hatuna. Kufyeka ni kwa pori. Nikiandika kuangamiza, watu watadhani ni vita, watahama na ng'ombe wao. Kufuta ni kwa kibao.”

Chakula cha Mdachi kilikuwa kinapoa. “Andika wafungwe kamba,” alisema, akaondoka.

Matonya alimshika mbwa wake shingoni, akainama kuficha kicheko. Asubuhi iliyofuata mkalimani alifika Ipagala na mzigo wa kamba begani, akawaonyesha wenye mbwa fundo lisilokaba.