Kenda Haimo Kitabuni

Mpango ule tuliuandika wawili. Naanza na hilo kwa sababu baadaye shule nzima ilisema niliuandika peke yangu, na kwa miezi kadhaa hata mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika shule ile, njia ya kutoka Kaliua kwenda Usinge, mahali ambapo kila nyumba ina bani la kukaushia tumbaku na kila mtu anajua mvua ya jana imenyesha shamba la nani. Mimi ni mtoto wa Isevya, Tabora mjini. Nimelelewa na Kiswahili jikoni, uani na sokoni. Kinyamwezi changu ni cha salamu: nikishasema mwangaluka na kuitikiwa, nimeishiwa. Wakanipa darasa la kwanza, mkondo B, watoto hamsini na wawili ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kusemeshwa Kiswahili na mtu aliyetaka jibu.

Mkondo A ulikuwa wa mwalimu mwenyeji, mzaliwa wa kijiji cha jirani, mwimbaji wa kwaya ya Moraviani, amenizidi miaka kumi hivi. Nilimwita dada. Aliniita mdogo wangu. Nilipofika na godoro langu na sufuria mbili, yeye ndiye aliyenitafutia chumba, akaniletea mlenda siku ya kwanza, akanicheka nilivyoula. Mwezi wa Ramadhani alinipikia futari, yeye Mkristo, na uji wake ulikuwa mtamu kuliko wangu. Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa namwamini mtu wa namna gani.

Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Watoto walihesabu moja mpaka tano wakiwa wamechangamka, wakifika hapo sauti zinapungua, ikibaki mimi na watoto watatu wa watumishi. Sita, saba na tisa zilikuwa hazikai. Leo nimezifundisha, kesho zimeyeyuka. Nikaimba, nikacheza, nikachora mpaka chaki ikaniisha, wapi! Mwezi wa kumi na moja nikawapeleka darasa la pili wakiwa na tano zao, nikalia chumbani kwangu.

Desemba, likizo, tukakaa barazani kwa dada kuandika azimio la kazi la mwaka unaofuata. Kwa asiyejua ualimu, azimio la kazi ni karatasi pana yenye safu: mwezi, wiki, kitakachofundishwa, vipindi vingapi, vifaa, na mwisho kabisa safu nyembamba ya maoni. Mwaka mzima wa mtoto unaingia humo. Ukikosea Januari, unalipia Agosti. Mvua ilikuwa inanyesha, tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga, na mimi nikaanza kulalamika kuhusu sita, saba na tisa zangu.

Dada akacheka. "Mdogo wangu, unashangaa nini? Moja, mbili, tatu, nne, tano, hizo wanazo, kwetu zinafanana na zenu. Hata nane hawana shida nayo. Hizo tatu zinazowakwamisha si za huku. Zimekuja na Waarabu wa misafara."

Miaka yangu yote nimetamka tisa na sikuwahi kujiuliza imetoka wapi. Babu wa bibi yangu alikuja Tabora na misafara hiyo hiyo, kwa hiyo nikamwambia, "Basi dada, niwie radhi kwa niaba ya ukoo." Tukacheka mpaka karanga zikamwagika.

Kisha akasema neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi sana, kwa sauti yake hasa. "Tuwaache waanze na kenda, tisa yetu ya nyumbani. Mtoto akishajua kenda ni ngapi, kwa vidole na kwa vizibo, ndipo umpe tisa. Utakuwa unampa jina tu, kitu chenyewe anacho." Na si hilo tu. Alisema ishirini tusiikimbilie, tuseme makumi mawili kwanza, kwa sababu mtoto aliyeona nyumbani majani ya tumbaku yakifungwa mafungu anaelewa makumi mawili ni nini, lakini ishirini kwake ni kelele. Alisema hesabu za kutoa tuzisogeze mpaka Julai, maana Machi na Aprili nusu ya darasa wako mabanini na mama zao, na utakachofundisha wakati huo utakifundisha upya.

Jamani, nilimtazama mwanamke yule nikaona nimepata mwalimu. Tukapanga. Januari na Februari tusitoke tano. Machi twende mpaka kumi kwa maneno ya nyumbani na ya shule, yote mawili. Mei tisa ibaki peke yake. Julai makumi, Agosti ishirini. Mimi niliandika, kwa sababu dada alisema hati yangu nzuri. Nakala mbili, yangu na yake, zote kwa mkono wangu. Akazichukua kumpelekea mwalimu mkuu asaini, na yangu ikarudi na sahihi na mhuri. Yake alisema ameihifadhi.

Mwaka ukaanza, na mpango ukafanya kazi. Sisemi kwa kujisifu, nilikuwepo. Machi ilipofika watoto walikuwa wanavuka tano wakipiga kelele. Kulikuwa na binti mmoja wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka upande wa Igunga, mdogo wa umbo, aliyekaa dawati la mwisho toka Januari bila kutoa neno. Sio jina lake, sio shikamoo, hakuna. Wenzake walisema ni bubu. Asubuhi moja nilichuchumaa mbele yake, nikapanga vizibo vinane vya soda, nikaongeza kimoja, nikamtazama. Midomo ikacheza. Akasema, taratibu, "Kenda."

Nilipiga makofi kama mwendawazimu. Darasa zima likapiga. Akajifunika uso kwa sketi, nikamfunua uso, nikamwambia, "Sema kwa nguvu mwanangu. Hilo ni neno zuri. Hapa hakuna atakayekugombeza." Baada ya wiki mbili alikuwa anasimama mwenyewe kuhesabu, na kosa likitokea anarudi nyuma kulitafuta. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu mwaka ule: kumfikisha yule binti na wenzake mpaka mia, kwa mikono yangu, bila kumpoteza hata mmoja njiani. Sikutaka cheo, sikutaka uhamisho.

Aprili akaja mkaguzi. Siku hizi wana jina jingine refu, sisi bado tunawaita wakaguzi. Akaingia kwangu na mwalimu mkuu, akaketi, akasema tuendelee. Watoto, maskini ya Mungu, walitaka kumfurahisha mgeni. Wakahesabu kwa sauti ya kutikisa bati: saba, nane, kenda, kumi!

Mkaguzi akainua kichwa. "Kenda ndiyo nini?"

"Ndiyo tisa, mheshimiwa. Tunaanzia hapo, Mei inabaki tisa peke yake. Ipo kwenye azimio."

"Tisa ni tisa."

"Lakini kenda nayo ni Kiswahili, mheshimiwa. Bibi yangu aliisema mpaka anakufa. Kwenye kamusi ipo."

"Kwenye kitabu cha mwanafunzi haimo," akasema, akanyoosha mkono apewe azimio. Akalisoma kwa muda mrefu. Akamuuliza mwalimu mkuu kama sahihi ile ni yake. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake, akasema alisaini kwa kuamini walimu wake. Mimi sikuogopa. Nilisema kwa kujiamini kabisa kwamba mpango ni wa mikondo yote miwili, na mwenzangu wa A ni mwenyeji, aulizwe, ataeleza vizuri kuliko mimi.

Dada akaitwa. Akaja na faili. Akalifungua, akatoa azimio lililochapwa kwa kompyuta, safi, na sahihi ile ile na mhuri ule ule. Halikuwa letu. Januari tarakimu mpaka kumi, Februari mpaka ishirini, kila kitu kama kilivyo kitabuni. Safu ya maoni ilikuwa imejazwa mpaka Juni: limefundishwa, wanafunzi wameelewa. Na sisi tuko Aprili! Mkaguzi akapitisha kidole kwenye safu ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia, "Unaona mwenzako?"

Nilimtazama dada nikisubiri. Wallahi, hata wakati ule bado nilikuwa nasubiri aseme. Akasema. Alimwambia mkaguzi, "Mheshimiwa, nilimshauri mara nyingi. Mwenzangu ametoka mjini, hawajui hawa watoto. Amedhani hawawezi Kiswahili." Hakunitazama. Alikuwa anarekebisha karatasi zake zikae sawa kwenye faili.

Kuna kusingiziwa, hilo nimeshalizoea, mtoto wa Isevya huwezi kukua bila kusingiziwa. Lakini kuuzwa na mtu aliyekupa maneno yenyewe, kisha akasema maneno hayo ni ya dharau kwa watu wake, na umeyatoa wewe! Watoto wote wananitazama, hawajui kilichotokea, wengine bado wamenyoosha vidole vyao tisa hewani.

Nilimkuta mchana nyuma ya jiko la shule. Sikumsalimia. "Dada, umenifanyia nini?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Kenda ilikuwa yangu? Makumi mawili yalikuwa yangu? Mimi ninayejua mwangaluka tu?"

Akavua miwani, akaifuta kwa kanga. "Mdogo wangu, wewe ukisema kenda, wataandika umekosea, watakuhamisha darasa, basi. Mimi Mnyamwezi nikisema kenda mbele ya mkaguzi, nitakuwa mshamba asiyejua Kiswahili, na nitabaki hivyo mpaka nistaafu. Nimekaa na jina hilo tangu chuoni. Sitaki kuitwa hivyo tena."

"Basi ungeniambia! Januari ungeniambia umebadilisha!"

"Nilitaka kuona kama itafanya kazi," akasema.

Sijui kama alijua alichokisema. Aliniacha niijaribu yeye akiwa pembeni, kwa hati yangu, kwa jina langu, ikifaulu aichukue, ikishindikana aninyooshee kidole. Labda hakupanga hivyo Desemba. Labda siku ile barazani alikuwa mkweli na akaogopa baadaye, akiwa mbele ya kompyuta ya kuchapishia kule Kaliua. Nimejaribu kumwonea huruma kwa njia hiyo. Siku nyingine naweza, siku nyingi siwezi. Nilichukia hata uji wake nilioupenda.

Wiki iliyofuata mikondo ikaunganishwa kwa somo la kuhesabu, ikapewa dada. Mimi nikapelekwa darasa la tano kufundisha maarifa ya jamii. Nilimwomba mwalimu mkuu aniachie mpaka likizo ya Juni tu, niwavushe kwenye tisa kama tulivyopanga, kwa sababu walikuwa katikati ya daraja. Akaniambia, "Mwalimu, usijitafutie matatizo." Nikakabidhi vizibo vyangu kwenye mfuko wa sukari. Darasa la tano limepakana na la kwanza, ukuta mmoja. Kila asubuhi nikiwa ubaoni nasikia zaidi ya watoto mia upande wa pili wakipiga kelele, tisa, tisa, tisa, na kiboko kikigonga meza.

Likizo nilikwenda mjini, nikamsimulia mama, mama akataka kupanda treni aje agombane. Nikamzuia. Julai nikarudi. Dada na mimi tukawa tunasalimiana kama watu wa ofisini: habari za asubuhi, nzuri, basi. Watoto wa B wakiniona uwanjani walinikimbilia, wote isipokuwa yule binti. Nikajiambia ana haya tu.

Septemba, jua likiwa kali na visima vya majumbani vimekauka, nilimkuta kwenye bomba la kijiji. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, wenye ndoo wamejibanza kivulini. Yeye alikuwa amesimama kando ya kidumu chake cha njano. "Shikamoo mwalimu," akasema chini chini. Nilifurahi jinsi nilivyofurahi! Alikuwa ananiamkia kwa Kiswahili, mwenyewe.

"Marahaba mwanangu. Hebu nihesabie hizi ndoo, zamu yetu iko mbali kiasi gani?"

Akaanza, akizigusa moja moja kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Sita, saba, kwa Kiswahili safi kabisa. Nane. Kisha akaipita ndoo iliyofuata bila kuigusa, akagusa ya mbele yake, akasema, "Kumi."

Nikadhani ni haraka ya mtoto. Nikaweka mkono juu ya ndoo aliyoiruka. "Na hii je?"

"Hiyo haisemwi."

"Nani kasema haisemwi?"

"Niliisema nikapigishwa magoti." Akaitazama ndoo ile. "Kila nikitaka kusema ile nyingine, inakuja hiyo. Kwa hiyo naiacha."

Nikachuchumaa, nikamshika bega, nikaanza kumweleza kwamba halikuwa kosa lake, kwamba mwalimu alikosea, kwamba mimi ningekuwepo isingekuwa hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama wanavyofundishwa kwao kumsikiliza mtu mzima.

Kisha akasema, "Wewe ulisema hakuna atakayenigombeza."

Akatoa bega lake mkononi mwangu, akasogeza kidumu mbele, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.