Matembezi ya Regensburg Ndani ya Basi la Bailey

Basi la asubuhi la barabara ya Bailey, hapa Buffalo, lilikuwa na abiria sita. Mbele yangu aliketi mama aliyevaa kizibao cha njano cha kazi ya ghala, simu ameishika kwa mikono miwili. Kwa video, dada yake mkubwa, ambaye yeye alimwita yaya katika Kiswahili chao chenye Kifaransa kidogo, alikuwa akimtembeza katika mji wa kale wa Regensburg, Ujerumani.

"Ona hii kanisa, iko na minara mbili!"

"Naona, yaya. Geuza simu, nione sura yako."

"Ngoja kwanza. Kuna daraja ya mawe, ya zamani sana."

"Bon, mawe nimeona mingi. Kila juma mawe! Donc, uko na nani hapo?"

Simu iliendelea kuonyesha maji yakipita chini ya daraja. Kisha sauti ikajibu polepole, "Niko na weye."

Mama alifuta kioo cha simu kwa kidole gumba, ingawa hakikuwa na uchafu. Tulipofika kituo cha ghala, wenzake wawili walishuka, mmoja akamwita. Alitikisa kichwa, hakuinuka.

"Bon, tuvuke," alimwambia dada yake. "Lakini usikimbie, miguu inaniuma."

Vitabu vya watalii hueleza makanisa hufunguliwa saa ngapi na uvae viatu gani. Havisemi ukishaona, umwonyeshe nani. Mimi hukagua kituo changu mara tatu kabla ya kushuka. Siku hiyo nilikipita, nikisubiri wafike ng'ambo.