Koti la Ansbert

Yanayosemwa kule Boko si kweli. Eliaichi hakuwafanyia mashemeji zake uganga siku ya kuanua tanga la mumewe. Dawa aliwatia, hilo halikanushwi. Aliwatia machoni, tone moja moja, mchana kweupe, nao wakakaa uani wamejifunika khanga na leso usoni, wakilalamikia jua. Tunu wa duka la jirani, aliyewachungulia juu ya ukuta, ana macho mazuri. Alichokosa ni subira ya kuuliza.

Eliaichi ni daktari wa macho. Amesoma, na vyeti vyake vimetundikwa pale anapofanyia kazi, katika kliniki ndogo kando ya barabara ya Bagamoyo. Kwa miaka ishirini na mbili amekaa uso kwa uso na watu: walimu wanaosogeza daftari mbali ili walisome, mafundi wa kuchomelea waliorukiwa na cheche, bibi waliokamuliwa majani jichoni kabla ya kuletwa kwake. Hamgombezi mgonjwa. Huuliza ni majani gani, akaandika, kisha akaanza kusafisha.

Nyumbani alikuwa na mgonjwa mmoja ambaye hakuna aliyemjua, naye ni mumewe, Ansbert. Baba yake Ansbert alimaliza miaka yake ya mwisho akishikwa mkono hadi chooni, na ukoo mzima ukasema ni uzee. Eliaichi hakuridhika. Alimpima mumewe, akakuta ana presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hujaa yakaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hakuna maumivu. Kuona kwa pembeni hupotea kwanza, polepole, na kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ndicho hulindwa. Basi kwa miaka kumi na tisa, kila taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipoanza, Ansbert aliegemeza kichwa kwenye kochi, na mkewe akamtilia matone. Moyo ndio uliomwondoa, na hadi juma lake la mwisho alisoma gazeti mwenyewe. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba ndugu zake wasiambiwe, wasije wakaitwa ukoo wa vipofu. Eliaichi alimwahidi.

Ahadi hiyo ilianza kumuwia nzito palepale msibani. Brightson, mdogo wake marehemu, anayeishi Ukonga, alikuwa dereva wa basi la mikoani. Mzee wa jumuiya alimnyooshea mkono wa pole kutoka ubavuni, mkono ukabaki hewani. Watoto walimwamkia shikamoo wakiwa pembeni yake, akawapita kama nguzo. Jioni alipiga teke beseni la vikombe lililokuwa wazi kabisa njiani.

"Tangu anunue kiwanja haoni watu," alisema Felicitas, dada yao mkubwa.

Wengine walicheka. Eliaichi hakucheka. Alikuwa anahesabu viti vya basi.

Alimwita kando. "Shemeji, pita kliniki Jumatatu."

"Mie? Naenda Tunduma na kurudi, halafu unipime macho? Wapime hao wazee."

Alimwambia tena wiki iliyofuata, akapata jibu lile lile. Mara ya tatu Brightson alishusha sauti. "Wakiniandika mgonjwa, shemeji, leseni inakwenda."

Hapo Eliaichi akajua kwamba Brightson naye anajua.

Siku ya kuanua tanga ilifika, na baada ya sala nguo za marehemu zililetwa ukumbini zigawanywe. Kila mtu alijua koti la kijivu ni la Brightson. Kaka yake alimwahidi tangu alipolinunua, na Brightson alikwishakaa karibu nalo. Eliaichi alisimama, bado yumo katika gauni lake jeusi.

"Nguo zote mtachukua. Ila anayechukua nguo ya Ansbert, kwanza anakaa kwenye kiti changu nimpime macho."

"Wifi," alisema Felicitas, "hapa ni msibani au kliniki?"

"Leo ni pote pawili."

Alikwenda kwenye friji, akarudi na kichupa cha dawa kilichobaki nusu, akakiweka juu ya lile koti. Akawaeleza yote. Alisema pia kwamba ahadi aliyompa mumewe anaivunja kwa makusudi, mbele yao, kwa sababu ugonjwa huu hufuata damu.

"Na baba?" Felicitas aliuliza.

"Nadhani na baba, wifi."

Felicitas alivua miwani yake, akaikunja. "Basi anza na mie, mie ndiye mkubwa. Na ile kaunda suti mwanangu anaitaka, msije mkasema sikusema."

Waliingia mmoja mmoja katika chumba cha Blessing, binti wa nyumba ile, na kila mara mlango ulifungwa. Ulifungwa kwa sababu majibu ya jicho ni ya mwenye jicho. Eliaichi alipima presha ya macho kwa vifaa alivyotoka navyo kliniki, kisha akatia tone la kutanua mboni ili aweze kuona nyuma ya jicho. Wakisubiri tone lifanye kazi, walikaa uani, na mboni zile zilizopanuka hazistahimili jua. Hiyo ndiyo siri yote ya zile khanga.

Brightson aliingia wa mwisho. Walikaa magoti kwa magoti.

"Ziba jicho la kushoto. Nitazame puani. Ukiona kidole changu, sema."

Kidole kilianzia mbali upande wa kulia, kikaja, kikapita usawa wa bega lake, kikapita usawa wa sikio. Brightson alikuwa kimya. Kilipokaribia pua ya Eliaichi ndipo aliposema, "Sasa."

Alirudia. Ikawa vilevile.

"Hali hii imeanza lini?"

"Muda. Mwaka jana pale Ubungo bodaboda ilinitokea kama imedondoshwa kutoka juu. Sikuigonga, Mungu saidia."

"Safari yako nyingine lini?"

"Kesho alfajiri."

"Kesho huendeshi."

"Nitakuwa kama baba?"

"Baba hakupata hata tone moja, shemeji. Wewe utapata, kila siku, na ulichobaki nacho kinatosha kusoma, kutembea na kuwajua wanao. Lakini hakitoshi kubeba abiria."

Brightson alitoa simu, akampigia tajiri yake, mwenye basi, palepale, mbele ya shemeji yake, akamweleza ukweli.

Presha yake ya macho siku hiyo ilikuwa thelathini na nne, wakati ya kawaida haizidi ishirini na moja. Baada ya miezi miwili ya matone imeshuka hadi kumi na sita, na imekaa hapo. Sasa anapanga zamu za madereva kituoni, anawagombeza wanaosinzia, na watu wanaomwamkia kutoka pembeni wameambiwa waje mbele. Koti linambana mabegani, lakini kila Jumapili analivaa kanisani. Kila siku saa mbili usiku simu ya Eliaichi inaita.

"Nimeshatia, shemeji."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Habari inaanza, niache."

Eliaichi huiweka simu juu ya mkono wa kochi, upande aliokuwa akikaa Ansbert, akasikiliza taarifa ya habari hadi mwisho.

Haya ya Brightson yamesemwa kwa ruhusa yake mwenyewe. Amechoka kuitwa mwenye maringo. Siku ile walikaa kitini watu wanane, na Tunu anajua kuhesabu. Juzi, akimpimia Eliaichi sukari dukani, alijaribu.

"Daktari, na wale wengine uliwakuta na nini?"

"Kilo mbili, Tunu."

"Mie nauliza tu."

"Nami nimekusikia. Sisemi."