Kozi ya Mama na Kigoda cha Bibi

Baba yangu ni mwoga, tuanzie hapo. Anauza vipuri vya mashine za boti pale Kirumba na anagombana kutwa na wavuvi wenye vifua kama makabati, lakini mama alipomwambia anataka kwenda chuo kikuu kusoma saikolojia, baba aliitazama sahani yake akasema, "Muulizeni mzee."

Mzee ni babu, baba yake baba. Bibi alipofariki aliletwa kutoka Magu kuishi kwetu, akaja na redio, fimbo, na kigoda cha bibi ambacho haruhusu mtu akikalie. Sasa tatizo la kumuuliza mzee ni kwamba mama hawezi kumuuliza. Kwetu, mke wa mtu na baba mkwe wake wanaheshimiana mpaka inachosha. Mama anampikia babu, anamfulia, anajua hata jino gani linamsumbua, ila sijawahi kuwaona wakitazamana usoni. Babu akitokea mlango huu, mama anapotelea ule. Chakula napeleka mimi, na maneno yakiwepo napeleka mimi vilevile.

Mimi naruhusiwa kwa sababu mjukuu na babu ni watani. Namwita mzee wa mapengo. Nimeshamwomba anirithishe suruali yake kabla haijafa naye. Yeye ananiita mwizi, kwa kuwa bibi alikuwa akiniita mume wake, na babu alishikilia kwamba nilimwibia mke nikiwa bado nakojoa kitandani. Sheria ya utani ni moja: anayekasirika ameshindwa.

Ndivyo mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye walimu wake wakiiona karatasi yake ya mtihani huwaita na wenzao waje kucheka, nilivyogeuka mdomo wa mtu anayetaka shahada.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila mtu alitegemea achukue shahada ya ualimu, ambayo ipo hapahapa mjini, masomo ya jioni, ukimaliza unaanza kunusa kiti cha mwalimu mkuu. Saikolojia aliyoitaka ilikuwa kwenye chuo cha mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Aliniita jikoni akiwa anaparua sato, ili anipe maneno ya kupeleka. Akanisimulia habari za mvulana wa darasa lake ambaye baba yake alizama ziwani. Mtoto alirudi shule baada ya msiba akakaa muhula mzima bila kujibu swali. Mama akamchapa. Kesho yake akamchapa tena. Mtoto hakulia wala hakuvuta mkono, alimtazama tu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Halafu akaacha kuja.

"Na mimi ndiye mwalimu wa ushauri nasaha pale," mama alisema. "Walinipa kwa sababu nina sauti ndogo. Mwambie babu yako sitaki ukuu wa shule. Nataka kujua nilikuwa nampiga nani."

Magamba yalikuwa yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kumwambia anafanana na mgonjwa wake wa kwanza, nikajizuia. Akaongeza, "Na usitie utani wako."

Angemtuma nani mwingine? Baba alikuwa dukani, amejificha nyuma ya mapangaboi.

Babu alikuwa barazani na wazee wawili wa mtaani, wamekaa wanalitazama ziwa kama wanalidai. Mama alisimama ndani, nyuma ya pazia la mlango, akikoroga chai yao. Nilitoa ujumbe wote, hadi wa yule mtoto, bila kuongeza chumvi. Mzee mmoja akasema hiyo ni kozi ya vichaa, kuna mtu wa Kisesa aliisoma na sasa anabishana na mbuzi. Wakacheka. Babu akasubiri wamalize, kisha akapaza sauti, si kwa ajili yangu mimi niliyekuwa karibu na goti lake.

"Mwambie mama yako, kwetu Magu kichaa tulimfunga kamba akatulia, na aliyefunga hakuwa na shahada. Huyo mtoto alifiwa na baba yake. Alitakiwa asichapwe. Hilo nalo mpaka mtu apande basi akafundishwe?"

Nyuma ya pazia kijiko kikaacha kukoroga.

"Asome ualimu hapahapa," babu akamalizia. "Jioni arudi, mimi nile."

Kwa utaratibu wetu nilitakiwa niligeukie pazia na kurudia kila neno, ingawa mama hakuwa kiziwi. Nikaligeukia. Nikasema, "Mama, babu anasema..." na nikaziona ncha za vidole vyake vya miguu chini ya pazia, zimejikunja. Basi nikamgeukia babu.

"Mzee wa mapengo," nikamwambia, "mama hahitaji kwenda mbali kutafuta vichaa. Anaye mmoja humu ndani. Kila alfajiri anaongea na kigoda. Anakiuliza kimeamkaje, anakipa habari za pamba ya kule Magu, anakiomba msamaha." Hapo nikaigiza na sauti yenyewe, ile nyembamba anayoitumia akidhani tumelala. "Mke wangu nisamehe, mke wangu nisamehe." Nikarudia sauti yangu: "Mzee, huyo mke ni wangu. Hata kaburini humwachi apumzike?"

Nyumba nzima ilijua habari za kigoda. Kuta zetu ni nyembamba. Hakuna aliyewahi kuzitamka.

Wazee walicheka mpaka mmoja akapaliwa na mate yake. Babu naye akacheka, si anayekasirika ameshindwa? Alicheka kuliko wote. Alipiga fimbo sakafuni akisema, "Mwizi huyu, mwizi huyu," na alikuwa bado anacheka wenzake walipokwisha kunyamaza na kuanza kutazama pembeni.

Nikaingia jikoni kama mfungaji wa bao la ushindi. Mama hakuniangalia.

"Umenisaidia," alisema, "kama fisi anavyomsaidia mbuzi aliyevunjika mguu."

Alfajiri iliyofuata niliamka makusudi nisikilize. Kimya. Nilipopeleka uji nikakiona kigoda kimegeuzwa miguu juu, kimesukumwa chini ya kitanda. Baadaye sahani zikaanza kurudi zikiwa nusu, kisha zikawa zinarudi kama zilivyokwenda. Baba akaniuliza kama mzee anaumwa, kana kwamba yeye hana miguu ya kwenda kumwona. Dirisha la maombi ya chuo lilikuwa linakaribia kufungwa. Baba akamwambia mama ajaze ualimu tu, mambo yaishe. Mama akasema sawa, atajaza kesho.

Kesho yake asubuhi babu alikuwa barazani peke yake, anaota jua. Mama akaingia chumbani kwa babu, mahali ambapo hakanyagi kama babu yupo nyumbani. Akatoka na kigoda. Akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akakiweka barazani, mbali kidogo na babu. Akapiga magoti mbele ya kigoda, mgongo wake kwa baba mkwe, adabu zote zikiwa mahali pake. Akaanza kuongea na kigoda.

"Shikamoo mama," alisema. "Mwanao anataka nisome ualimu. Mzee wako pia anataka hivyo. Wewe hujasema."

Nilikuwa nimebeba ndoo ya maji. Kweli tupu, kicheko kilinibana mbavu. Nikang'ata mdomo.

"Mzee amesema nilimchapa mtoto bure, na ni kweli. Amesema hilo halitaki chuo. Labda kwa watu wengine. Mimi nimekuwa mwalimu miaka yote hii na sikulijua. Ndiyo maana nataka kwenda. Nikikosea, nitarudi nipike."

Babu akakohoa. Kisha akaongea, naye akikiambia kigoda, kwa sauti ile nyembamba niliyoiuza kwa wazee wa mtaani.

"Mke wangu. Huyu mkwe wako mbishi. Mwambie ajaze anachokitaka. Alikuwa ananisikia kila alfajiri na hakucheka. Kazi hiyo ataiweza. Aliyecheka ndiye atakayebaki anipikie."

Waliendelea hivyo mpaka jua likawa kali, mmoja akikiambia kigoda, mwingine akijibu kupitia kigoda, hadi habari za dawa ya jino. Hakuna aliyeniita nipeleke neno. Ndoo ilinikata vidole nikaenda zangu.

Mama alijaza saikolojia na akapata. Akapanda basi. Mimi nikarithi mwiko.

Ugali wangu siutetei. Siku ya kwanza nilimpelekea babu sahani nikiwa nimejiandaa, maana mtu mwenye mdomo ule akikutana na ugali ule, matusi yake yangetosha mwezi. Nikamrahisishia, "Shikamoo mzee wa mapengo. Leo unatafuna au unameza?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Asante kwa chakula. Mungu akubariki."

Akainamia sahani akala yote, mabonge kwa mabichi, bila neno.

Adabu hiyo hajaiacha hadi leo. Nimemtania mapengo, nimemtania suruali, nimemfichia fimbo akaitafuta kwa upole. Marahaba, mjukuu wangu. Masomo yanakwendaje, mjukuu wangu. Mama alipopiga simu nikamwambia babu ana adabu sana kwangu siku hizi. Akasema wao bado wako mwanzo wa kitabu, hilo hawajalifikia.

Kigoda kimerudi mahali pake. Alfajiri namsikia babu akimsimulia bibi habari za mpishi wake mpya: kwamba mabonge yangu yangetosha kujengea msingi wa nyumba, kwamba mbwa wa jirani ameonja akahama mtaa, kwamba mwizi akioa atafiwa na mke kwa njaa. Ni matusi mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga, na yote ni yangu. Najifunika blanketi, nang'ata shuka nisicheke, asije akajua nasikia.