Kiti cha Mheshimiwa

Kiti chenyewe ni cha plastiki, rangi ya bluu, mguu mmoja umetafunwa na panya. Kiko hapo barazani na hakuna anayekikalia. Mgeni akija namtandikia mkeka. Akisema mkeka utamuumiza magoti, nachukua ndoo, naipindua, namwambia karibu ukae. Watu hudhani ni utani wangu, maana mimi kwa utani najulikana kutoka hapa Mwabungo mpaka steji ya Ukunda, na kuna abiria wanaoruka tuktuk tatu wakangoja yangu ili wacheke tu. Basi nawaacha wadhani hivyo.

Marehemu mamangu alikuwa akishona makuti. Hizo hoteli za Diani mnazoona zimeezekwa vizuri, kuna mapaa humo yametoka mikononi mwake na mwa jirani yetu, mama mmoja ambaye si ndugu yetu wa damu lakini mimi namwita mama mkubwa. Kazi yenyewe ni ya kukaa chini. Umekunja goti moja, unalaza jani la mnazi juu ya kijiti, unakunja, unashona, unakunja, unashona, asubuhi mpaka adhuhuri, mwaka hadi mwaka. Mimi niliishia darasa la nane, mambo ya mifupa siyajui, lakini hata tuktuk ukiipiga kona hiyo hiyo kila siku itaanza kulia. Magoti ya mama yalilia kweli. Akiinuka unayasikia, ka, ka, ka, nami namuuliza, "Mama, nilete grisi?"

"Leta breki, uitie hapo mdomoni mwako," ananijibu.

Huo mdomo nilio nao sikuuokota njiani.

Halafu ikaja sukari, na presha nayo ikaja nyuma yake kama mtu asiyealikwa arusini. Akawa na kliniki kila mwezi Msambweni, dereva ni mimi. Daktari wake alikuwa kijana wa bara, mpole, anaandika huku anaongea.

"Mama, sukari imeshuka kidogo, vizuri sana. Na haya magoti, unatumia dawa gani?"

"Panadol, mwanangu. Lakini haifanyi kitu. Ni kama nameza chaki."

"Vumilia na hiyo hiyo. Kuna zile za maumivu zenye nguvu, za kununua tu kwa chemist. Usiguse. Wewe uko na sukari, uko na presha, figo zako tayari ziko na kazi mingi. Hizo dawa zitazimaliza. Tumesikizana?"

"Tumesikizana."

"Na upunguze kukaa chini. Hata kuomba, omba ukiwa kwa kiti. Mungu ataelewa."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kijana, wewe ndio askari wake. Dawa yoyote ikiingia kwa nyumba, uijue."

Nikampigia saluti, mguu nikaubamiza chini kabisa. Nesi aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. Nilipenda sana kumchekesha yule nesi. Wallahi siku hiyo nilitoka pale nakumbuka kicheko chake kuliko maneno ya daktari.

Nje mama akaniambia, "Umemsikia? Ati Mungu ataelewa. Katumwa na nani?"

Ikabidi nimpitishe kwa ustadhi wa madrasa. Ustadhi naye akamwambia neno lile lile, ila kwa upole wa dini: mwenye udhuru aswali amekaa, na thawabu zake hazipungui hata chembe. Hapo mama akakubali. Kesho yake nikamletea hicho kiti cha bluu.

Kila Alhamisi kina mama wa kijijini hukutana madrasa, wanaswali laasiri pamoja kisha wanapata darsa. Nikampeleka na tuktuk. Tulipofika wameshaanza kupanga safu. Mama akatangulia, anatembea kwa kuchechemea, nami nyuma kiti nimekibeba kichwani. Pale mlangoni nikaona nyuso zote hizo zimenigeukia, na mimi nikigeukiwa na watu mdomo unajifungua wenyewe.

"Pisheni njia! Kiti cha mheshimiwa kinapita! Mbunge wenu amekuja, mwenye shida aandike barua!"

Kicheko kilichotoka mle ndani! Mama mkubwa alijishika mbavu. Vibibi visivyo na meno vilikuwa vinapigana makofi. Mama mwenyewe alicheka, akavuta mtandio akaziba mdomo. Nikamwekea kiti chake mwisho wa safu, nikatoka nje nimevimba kichwa.

Jina likashika. Watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo mheshimiwa." Muuza samaki akipita na baiskeli yake anauliza, "Mheshimiwa, maji ya mfereji lini?" Naye anamjibu, "Nipigie kura kwanza." Anayajibu vizuri kabisa, huwezi kujua kama kuna kitu.

Miezi ikapita. Siku moja nikarudi nyumbani mchana kula, nikamkuta yuko juu ya mswala. Kiti kimewekwa pembeni, juu yake ameanika kanga. Nikasimama mlangoni nikamwangalia akishuka kusujudu, polepole, mkono mmoja chini, kisha wa pili, kisha kipaji cha uso kikagusa mswala. Akakaa huko. Mama sijida zake zilikuwa ndefu tangu zamani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nampanda mgongoni, naendesha, na yeye hainuki mpaka amalize maneno yake na Mola wake.

Alipotoa salamu nikamwuliza, "Mheshimiwa, mbona umejiuzulu?"

"Nimepata nafuu. Alhamdulillahi."

"Nafuu ya nini? Panadol?"

"Nafuu ni nafuu. Mbona unaihoji?"

Nikafurahi, nifanyeje? Nikaenda kutangaza steji kwamba mama amepona magoti. Alhamisi tukawa tunakwenda madrasa bila kiti.

Siku zile kulikuwa na kitu kingine, kidogo tu, sikukitilia maanani. Nikitoka asubuhi kwenda Ukunda, mama ananipa kikaratasi cha bati cha vidonge vilivyokwisha. "Ukipita kwa duka la dawa, mchukulie mama yako mkubwa hivi. Vya mgongo."

Vilikuwa vidonge vya diklo, vya kutuliza maumivu. Yule muuza dawa akawa ananijua. "Niaje. Hizi tena? Kwani huyo mathe mgongo yake inabeba nini?"

"Inabeba hoteli," nikamwambia. "Zote za Diani."

Tukacheka. Natia vidonge mfukoni, jioni nampa mama, "Mpe mama mkubwa, mwambie dereva anataka wali wa nazi." Naye anapokea, "Nitampa." Hivyo ndivyo askari alivyokuwa akilinda. Nilivipokea dukani kwa mkono wangu, nikavifikisha kwa mkono wangu.

Miguu ikaanza kumvimba. Sandali hazimwingii. Asubuhi uso umejaa, macho madogo, nami namwambia, "Mama umenawiri, kuna mzee anakuletea nyama?" Akatabasamu kwa adabu tu. Chakula akawa hakitaki, anasema kinanuka chuma. Akawa anajikuna mikono mpaka ngozi inatoka unga. Mimi nikasema ni joto.

Jumamosi moja asubuhi mama mkubwa akapiga ukelele. Nikatoka mbio nikamkuta mama ameegemea rundo la makuti, jasho linamtiririka, anaongea maneno ambayo hayafuatani. Mama mkubwa alikuwa ameshakoroga chai ya sukari nyingi, anamnywesha kidogo kidogo. Sisi tulizoea kuogopa sukari ikipanda. Siku hiyo ilikuwa imeanguka yote.

Nilivyoendesha mpaka Msambweni sikumbuki. Nakumbuka daktari yule yule ameshika karatasi ya damu na haandiki chochote.

"Figo zake zimechoka sana," akasema. "Zile dawa za sukari anazomeza, figo haziwezi kuzitoa tena, zinabaki kwa mwili. Ndio maana sukari imeanguka. Amekuwa akitumia dawa za maumivu?"

"Panadol tu, daktari. Wallahi."

Niliapa. Mbele ya mama aliyelala pale amefumba macho.

Nikarudi nyumbani kumchukulia nguo. Mama mkubwa alikuwa pale pale, anashona peke yake. Nikatamani kumwambia neno zuri, maana ndiye aliyemwokoa.

"Mama mkubwa, usijali, dawa zako nitaendelea kukuletea."

"Dawa zangu zipi?"

"Za mgongo."

Akaacha kushona. "Mimi mgongo wangu nachuliwa na mjukuu wangu kwa mafuta ya nazi. Dawa sijawahi kukutuma." Akaniangalia, kisha akaangalia mlango wa chumba cha mama. "Yarabi. Mimi nilimwona akimeza kabla ya adhana. Kila adhana. Akaniambia ni za sukari."

Nikaingia chumbani. Mswala wa mama ulikuwa umekunjwa juu ya kitanda. Nikaukunjua. Mle ndani mlikuwa na vile vikaratasi vya bati, vitupu, amevilaza kimoja juu ya kimoja, amevifunga kwa ukindu, fundo lile lile analofungia mizigo ya makuti. Sijui kwa nini hakuvitupa. Labda aliona haya kuvitupa mahali watu wataona.

Nilipofika wodini sikuvitoa. Nilimwambia tu, "Mama, nimezungumza na mama mkubwa."

Akafumbua macho. "Usimwambie yule daktari nilimdanganya. Kijana mzuri."

"Kwa nini, mama?"

"Kwani wewe unajua kukaa juu ya watu?" Sauti ilikuwa ndogo, nikasogea. "Wenzangu wote wameshuka, nyuso ziko chini, mimi peke yangu niko juu pale naangalia visigino vyao. Kama mtu anayengoja chai. Halafu kile kicheko."

"Kicheko kipi?"

Nilikuwa najua kipi.

"Si kibaya. Hata mimi nilicheka, kilikuwa kichekesho kizuri. Lakini kila nikikaa kile kiti nakisikia, na nikikisikia sala inaniponyoka, sijui niko rakaa ya ngapi. Nikameza kimoja, nikashuka chini. Hakikuuma kitu. Nikasema kesho sitameza." Akanishika kidole, kimoja tu. "Usinune. Hukujua."

Nilikaa pale, kidole changu mkononi mwake, mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha.

Daktari nilimwambia. Hakugomba. Alisema wengi hufanya hivyo, maumivu si mchezo, na kwamba huenda ni dawa, huenda ni sukari yenyewe ya miaka mingi, pengine ni vyote. Nimeishika sana ile huenda. Nikiwa na abiria huwa naiamini. Nikiwa peke yangu ndani ya tuktuk haitoshi.

Akaanza kusafishwa damu, mara mbili kwa wiki, Msambweni kwenda na kurudi. Diklo hakuna tena, kwa hivyo magoti yakarudi na hasira zake zote. Nilikuwa napita kila shimo la barabara kwa mwendo wa kinyonga na bado nasikia akivuta pumzi kwa meno. Makuti aliyaacha. Kisha akaacha kusimama. Akawa anaswali amelala, anainua vidole kidogo, na mwisho vidole navyo vikachoka, akawa anaswali kwa macho. Anayafumba ndiyo kusujudu, anayafumbua ndiyo kuinuka. Mimi nakaa karibu, simu nimeizima, nahesabu naye.

Alhamisi moja, laasiri, adhana ilipokwisha, akaniambia, "Kile kiti kiko wapi?"

"Kipo, mama."

"Kilete. Leo nataka nikae."

Nikakitoa kanga, nikakipangusa, nikakiweka kuelekea kibla. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi, mwepesi kama kuti lililokauka. Nikamkalisha, lakini mgongo haukusimama, ikabidi nipite nyuma nimshike mabega yote mawili. Akaanza. Alipoinama nikainama naye, alipoinuka nikamwinua, rakaa zote nne. Jasho lake lilinilowesha mikono. Mama mkubwa alikuwa barazani, ameacha mlango wazi.

Akatoa salamu, kulia, kushoto. Akapumzika. Kisha akasema, pumzi inakatika katikati ya maneno, "Haya. Bunge limefungwa."

Akageuza shingo, kwa taabu, kuniangalia kama nimecheka.

Nikacheka. Nilikicheka kicheko hicho kwa nguvu zangu zote, mpaka mama mkubwa akachungulia. Mama akaridhika, akaniambia nimrudishe kitandani.