Uso wa Baba Usiocheka

Nakumbuka siku moja huko Kabiria, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Namkasirikia kijana niliyekuwa. Na wewe pia nakukasirikia, daktari mtarajiwa, unayejua magonjwa kwa majina na wagonjwa kwa namba za vitanda. Kaa chini unisikilize.

Miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi wa utafiti katika maabara moja kule Upper Hill. Tulichunguza nyuropeptidi, kemikali ndogo ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari, na vipokezi vyake, pale ndani kabisa ya ubongo panaposimamia mwendo wa mwili. Panya tuliwadunga dawa ya kupunguza dopamini, kemikali ya ubongo inayouwezesha mwili kusogea. Waliganda. Mimi nilishika saa nikaandika kila panya alichukua sekunde ngapi kuinua mguu. Hakuna aliyenishinda kwa kutazama, na kichwa kilinivimba kweli kweli.

Nilipopata shahada ya pili, kaka yangu alinifanyia karamu nyumbani kwake, pale Kabiria. Baba alipanda basi kutoka Kakamega. Wenzangu wa masomo walikuja, pamoja na Mzee Harbans, fundi wa maabara aliyenifundisha kukata ubongo vipande vyembamba kuliko karatasi.

Watu wakala, wakaimba, wakacheka. Baba hakucheka. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Alipoitwa kuniombea alichelewa kunyanyuka, na alipoomba, hata waliokaa karibu naye hawakumsikia. Nikaona ananiaibisha mbele ya wasomi. Ulimi hauna mfupa, nikafoka:

"Baba, kama furaha yangu inakuuma, rudi Kakamega ukanunie huko!"

Mzee Harbans akaweka kikombe chini, akaja akanikamata mkono hadi nikaumia.

"Wewe panya ikiganda unaandika mpaka sekunde. Baba yako ameganda hapo, unamtusi? Angalia hiyo mkono! Hiyo kifungo ya shati amehangaika nayo tangu tuanze kula!"

Nikaangalia. Kidole gumba cha Baba kilikuwa kinatetemeka kikisugua kidole cha shahada, kama mtu anayefikicha tonge. Ugonjwa ule ule wa kutetemeka na kuganda, niliousomea kwa panya miaka mizima, ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kaka yangu, nami nikauita kununa. Mjinga mimi!

"Nilikuwa nacheka, mwanangu," Baba akasema polepole. "Tangu asubuhi nacheka. Huu uso tu ndio haunisikii."

Dawa alipewa, akatembea vizuri miaka kadhaa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tangu siku ile hadi anazikwa, kila nilipoingia mlangoni alivuta pembe za midomo yake kwa vidole, ili nijue kwamba anacheka. Hilo nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu.

Basi shika neno hili, na usinijibu kwa vitabu. Kabla hujamwita mtu mwenye kiburi, mlevi au mvivu, mtazame mwili wake, kisha muulize yeye mwenyewe ana nini. Muulize kwa upole, na umngoje amalize kujibu, hata akichelewa. Na wa nyumbani mwako watangulie, kwa sababu hao ndio tunaowazoea mpaka hatuwaoni.

Haya, nenda. Mungu akulainishie ulimi kabla hajakuongezea elimu, na watu wa nyumbani kwako wasilazimike kukuthibitishia kwamba wanakupenda.